DENI LA KIJIJI: MAISHA YA MWALIMU JULIUS K. NYERERE WA BUTIAMA



Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba taifa letu hukumbuka kifo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Sisi wa Mara tunayo sababu zaidi ya wengine ya kumkumbuka, maana alizaliwa kwetu, akasoma kwetu, na kaburi lake liko kwetu. Habari za siasa yake zimeandikwa mara nyingi, wala hatuna nia ya kuzirudia zote. Safari hii tumeona vema kutazama jambo moja tu: jinsi mtu huyu aliyelifundisha taifa zima neno kujitegemea alivyowategemea watu tangu utoto hadi kaburini, na jinsi kule kutegemeana kulivyoongoza maamuzi yake, yale mema na yale yaliyokuwa na kasoro. Yeye alikuwa Mkatoliki na sisi ni Waanglikana, lakini somo hili halina ua wa madhehebu.

Tunaandika haya kwa sababu jambo lenyewe limo ndani ya nyumba zetu. Katika mitaa yetu ya Musoma, Bunda na Butiama wako wazazi waliouza ng'ombe ili mtoto asome, naye mtoto akaenda mjini akawa kama aliyezama ziwani. Wako pia vijana waliopata kazi ambao hawawezi kuinua kichwa, kwa kuwa mshahara mmoja unangojewa na ndugu kumi kila mwisho wa mwezi. Wazazi husema vijana wamesahau walikotoka. Vijana husema wanakamuliwa hadi damu. Wazee wa kanisa huitwa kusuluhisha, na mara nyingi huondoka na pande zote mbili zimenuna. Basi na tumtazame mwenzetu mmoja aliyebeba deni la namna hii maisha yake yote, tuone alivyolifanya.

Mtoto wa nyumba ya tano

Kambarage alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu katika nchi ya Wazanaki tangu mwaka 1915. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili wa mzee huyo. Msomaji asidhani kwamba kuwa mtoto wa chifu wa Butiama kulikuwa kuishi katika fahari. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto wake walikula jasho la mama yao. Kambarage alichunga mbuzi, akalima pamoja na mama yake kama watoto wengine wote wa kijiji.

Hata jina lake lilihusu watu wengi. Kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi. Baadaye akabadilishiwa jina na kuitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua katika mila za Wazanaki. Sisi Wakristo hatuamini pepo wa mvua, lakini tunaelewa uzito wa jina lile. Katika nchi yetu mvua haiji kwa mtu mmoja. Ikikosa inakosa kwa wote, na ikija yabidi watu wote washike jembe siku zile zile. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na kazi ya pamoja, ambayo katika baadhi ya makabila ya Mara inaitwa risaga: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Aliyekula kwa jirani bila kupeleka jembe lake siku ya pili alijulikana kijiji kizima, na msimu uliofuata alilima peke yake. Hakuna askari aliyetumwa kumkamata. Ule upweke wa shambani ulitosha kumfundisha.

Katika maisha hayo ndimo mtoto yule alimokulia. Tunayataja mapema kwa kuwa baadaye, alipokuwa kiongozi wa nchi, mawazo yake mengi yalitoka katika shamba lile la mama yake, na hata makosa yake tunaweza kuyapima kwa kipimo cha risaga.

Barabara ya Mwisenge

Mtoto yule angaliweza kubaki mchunga mbuzi. Watu wa Mara husimulia kwamba akili yake ilionekana kwanza katika mchezo wa bao, alipokuwa akicheza na wakubwa na kuwashinda, na kwamba chifu wa Ikizu, Mohamed Makongoro, ndiye aliyemshauri Mzee Burito ampeleke shuleni. Ikizu imo katika Wilaya ya Bunda ya leo. Basi tukumbuke, ndugu zetu wa Bunda, kwamba jirani kutoka kwenu, tena mtu wa jina la Kiislamu, alikuwa na sehemu katika kuifungua njia ya kijana wa Butiama ambaye baadaye angekuwa Mkristo. Jirani aliona ambacho watu wa nyumbani hawakukiona.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kutoka Butiama ni mwendo wa zaidi ya kilometa 40. Pale Mwisenge alimkuta Mwalimu James Irenge, ambaye aliwafundisha watoto wale kwa bidii na kuwafungua macho kuhusu nchi yao. Pale pia alimpata rafiki, Oswald Mang'ombe Marwa, aliyemshawishi kwenda pamoja naye kusikiliza mafundisho ya dini kwa Mapadre Weupe wa misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma. Mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1942 baba yake akafariki, na mwaka uliofuata, mwezi Desemba 1943, alibatizwa na kuchukua jina la Julius.

Hesabuni, wapendwa, watu waliokwisha kuingia katika maisha ya kijana huyu: mama aliyemlisha, chifu jirani aliyemshauri baba yake, baba aliyekubali, mwalimu aliyemfundisha, rafiki aliyemwonyesha njia ya kanisani, na mapadre waliompokea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemfanya Nyerere peke yake, wala kijana hangefika bila wao. Akaendelea hivyo hivyo: Chuo cha Makerere huko Uganda kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha kufundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskochi, ambako alipata shahada yake mwaka 1952.

Udongo wa Butiama

Aliporudi kutoka Edinburgh alikuwa mmoja wa watu wachache sana katika Tanganyika nzima wenye elimu ya namna ile. Watu walitazamia kumwona bwana mkubwa. Badala yake msomi yule alivua viatu, akakanyaga udongo kwa miguu yake, akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa ajili ya mchumba wake. Wako walioshangaa, na wako walioona haya kwa niaba yake, maana walidhani kusoma ni kuepukana na udongo. Mwezi Januari 1953 alimwoa Maria, binti Gabriel Magige, mwalimu wa shule, mtu wa huku huku kwetu Mara.

Sisi tunaliona tendo hili la udongo kuwa na maana kubwa. Msomi anayerudi nyumbani anaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Aweza kujitenga, aseme deni sina, nilisoma kwa akili zangu. Au aweza kuwa bwana wa kugawa, kila mtu apige magoti mbele yake apewe. Njia hizo mbili huonekana tofauti, lakini zote huvunja ujirani, maana katika zote mbili msomi hahitaji kitu kutoka kwa mtu. Nyerere alirudi kama mtu mwenye miguu na mikono, akafanya kazi ambayo kila mtu wa kijiji aliweza kuifanya. Kwa hiyo jirani aliweza kumsaidia na yeye akaweza kumsaidia jirani, bila mmoja kuwa mdogo mbele ya mwenziwe.

Mwaka wa kubebwa

Baadaye alipelekwa kufundisha shule ya Pugu karibu na Dar es Salaam, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa, yeye akiwa Rais wake. Hapa tena msomaji aangalie ni nani waliomwinua. Huyu alikuwa Mkristo kutoka bara, mgeni katika mji wa pwani wenye Waislamu wengi. Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz walimpokea kama ndugu. Bibi Titi Mohamed aliwavuta wanawake kwa maelfu wajiunge na chama. Mzee John Rupia alitoa mali yake. Mwaka 1955 ilipohitajika Nyerere aende New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli yake ilichangwa. Watu wengi walitoa wasichokuwa nacho kwa wingi, tena kwa ajili ya safari ambayo wao wenyewe hawangeiona.

Aliporudi ilimpasa kuchagua kati ya kazi ya ualimu na kazi ya chama, maana zote mbili hazikuweza kukaa pamoja. Mwezi Machi 1955 aliacha ualimu. Wapendwa, tusipite hapa haraka. Alikuwa na mke na watoto wadogo, alikuwa na mama Butiama, na mshahara wa mwalimu ulikuwa riziki ya wengi. Uamuzi wake haukuwa wake peke yake. Uliingia katika chungu cha kila aliyemtegemea. Tunajua familia zetu zingesema nini juu ya kijana wa namna hiyo.

Akarudi huku kwetu. Kwa miezi kadhaa ya mwaka ule mtu aliyekuwa amesema mbele ya mataifa alikaa nyumbani bila kazi ya mshahara wa kudumu. Padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll alimpa kazi ya kumfundisha lugha ya Kizanaki, na ya kutafsiri masomo ya Misa kwa lugha hiyo. Kwa njia hii lugha ya mama yake, ambayo Edinburgh haikumfaa kitu, ndiyo iliyompatia riziki. Mwezi Oktoba alirudi Dar es Salaam kwa kazi ya chama, na huko Mama Maria aliendesha duka dogo la kuuza mafuta ya taa na vitu vingine, ili nyumba isimame mume akiwa safarini. Mara nyingi tunasema Nyerere alileta Uhuru. Ni kweli, lakini nyuma ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 liko pia duka lile la mafuta ya taa.

Chakula cha mwisho

Nchi ilipokwisha kuwa huru deni lake lilibadilika sura. Zamani alidaiwa na ndugu na rafiki. Sasa alidaiwa na wote. Alikuwa na mfano wake aliopenda kuwapa wanafunzi. Alisema kwamba msomi wa nchi maskini ni kama kijana aliyepewa chakula cha mwisho cha kijiji wakati wa njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wote. Kijana yule akila na kuondoka asirudi, huyo ni msaliti. Sisi wa Mara, ambao tumepata kuiona njaa kwa macho, hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo.

Mwezi Oktoba 1966 mfano ule ulijaribiwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Mwalimu alikasirika mno. Akawafukuza mamia yao warudi makwao, ingawa baadaye waliruhusiwa kurejea. Lakini siku ile ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia. Wengine walimlaumu kwa ukali wake kwa vijana, na lawama hiyo ina haki yake. Ila hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwadai wenzake asichojidai mwenyewe.

Lipo jambo jingine lililomgusa karibu zaidi. Mwaka 1963 serikali yake iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima. Chifu wa Wazanaki wakati huo alikuwa ndugu yake, Edward Wanzagi, mwana wa Burito kwa mama mwingine. Katika nchi nyingi mkubwa huvunja vyeo vya wengine akaacha cha nyumba yake. Butiama haikuachwa. Yeye aliyekuwa mtoto wa chifu aliona kwamba raia hawawezi kutegemeana kwa haki ikiwa mmoja anazaliwa wa kuamuru na mwingine anazaliwa wa kuinama. Alimpunguzia ndugu yake cheo, lakini hakuuacha undugu.

Pale risaga ilipogeuzwa amri

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lenye maneno mawili makubwa: ujamaa na kujitegemea. Watu wengi waliona maneno haya yanapingana. Kama tu wajamaa, wa kutegemeana, mbona tena tujitegemee? Sisi tunadhani Mtume Paulo angewaelewesha, maana katika sura ya sita ya barua yake kwa Wagalatia anawaagiza waumini wachukuliane mizigo, na mistari michache tu baadaye anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Hayapingani. Anayejibebea wa kwake ndiye anayeweza kumsaidia mwenziwe njiani. Asiyejibebea kitu huwa mzigo, na anayebeba wa kwake tu, akapita kando ya aliyeanguka, huyo amejitegemea bila faida.

Lakini ukweli lazima usemwe, hasa na sisi tunaompenda. Mawazo yale yalipotekelezwa hayakubaki kama alivyoyaota. Mwanzoni watu waliitwa kujiunga na vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, na waliokuja walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa. Mwezi Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wote wawe wamehamia. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mkoa wetu wa Mara ulikuwamo. Mahali pengi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Watu waliacha mashamba yaliyokwisha kuzoeleka, miembe ya babu zao na makaburi. Faida zilikuwapo, hatukatai: watoto wengi walipata shule, zahanati zikaongezeka, na watu wazima wakajifunza kusoma. Hata hivyo mashamba ya pamoja mahali pengi hayakuzaa, kwa kuwa watu walikwenda kuhesabiwa wala hawakwenda kulima.

Na turudi kwenye risaga. Nguvu yake ilikuwa katika hiari na katika kujuana. Nililima kwako kwa sababu nakujua na wewe utakuja kwangu, na usipokuja nina uwezo wa kutokuja tena. Ukiniondolea uwezo ule wa kukataa, umeniondolea pia utamu wa kukubali. Mwalimu aliujua moyo wa risaga kuliko wataalamu wote, maana aliulelewa. Labda aliuamini mno, akadhani unaweza kuhamishwa kwa lori pamoja na watu. Hauhamishiki hivyo. Na wakati huo huo serikali iliyofundisha kujitegemea ilikuwa ikipokea misaada mingi kutoka ng'ambo, hasa kutoka nchi za Skandinavia. Hapo hatusemi ulikuwa unafiki. Tunasema tu kwamba si mtu wala nchi inayoweza kujifanya haitegemei wengine. Kinachowezekana ni kuchagua utategemea kwa masharti gani, na utarudisha nini.

Kurudi nyumbani

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu aliacha Urais kwa hiari yake, jambo ambalo siku zile lilikuwa adimu sana katika Afrika. Sisi Waanglikana wa hapa tunaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine pia, kwa kuwa ndio mwaka Dayosisi yetu ya Mara ilipoanza. Tena tusisahau kwamba katika marafiki zake wa miaka mingi alikuwapo Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wetu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Wawili hao walisimama jukwaa moja mjini London tarehe 26 Juni 1959, siku ilipoanzishwa kampeni ya kususia bidhaa za makaburu wa Afrika Kusini. Mkatoliki wa Butiama na Mwanglikana wa Uingereza waliona kwamba mtu wa Tanganyika hawezi kuwa huru kamili ikiwa mwenziwe wa Afrika Kusini amefungwa.

Akarudi Butiama, akashika jembe. Hakurudi kupumzika tu. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza jinsi nchi maskini za dunia zinavyoweza kushirikiana badala ya kila moja kwenda peke yake kubisha hodi kwa matajiri. Miaka ya mwisho alihangaika kupatanisha pande zilizopigana Burundi. Na katika utulivu wa nyumbani alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikatolewa mwaka 1996. Mama yake, Mugaya, aliishi akayaona yote hayo. Alifariki mwaka 1997, mwanawe akiwa mzee wa miaka 75. Ni neema ambayo wengi hatuipati: kuzeeka karibu na mama aliyekulisha.

Mwaka 1999 Jeshi la Wananchi lilikuwa limemjengea nyumba mpya Butiama. Hakuikaa muda mrefu. Alipatwa na saratani ya damu, akapelekwa London, na huko katika hospitali ya Mtakatifu Thomas akafariki tarehe 14 Oktoba. Akarudishwa, taifa zima likalia, na tarehe 23 Oktoba akazikwa pale Mwitongo, Butiama, karibu na kaburi za wazazi wake. Yule aliyeijenga nyumba yake ya kwanza kwa udongo alioukanyaga mwenyewe, nyumba yake ya mwisho alijengewa na wengine, na kaburi lake lilichimbwa na wengine. Ndivyo ilivyo kwetu sote. Tunaanza kwa kubebwa, tunamaliza kwa kubebwa, na ile nafasi ya katikati ndiyo tunayoulizwa habari zake.

Neno kwa mtaa wetu

Basi tunajifunza nini? Kwanza, vijana wetu. Deni lenu ni la kweli, msilikane. Lakini angalieni jinsi Mwalimu alivyolilipa. Hakuweza kumrudishia chifu wa Ikizu ushauri wake, wala wachangaji wa nauli ya mwaka 1955 shilingi zao moja moja. Alilipa kwa kuwatendea wengine. Kijana wa Bunda asiyeweza kuwapa fedha ndugu kumi anaweza kumsomesha mdogo wake mmoja, na huyo mmoja akamwinua mwingine.

Pili, sisi wazazi na wazee. Tuliwapa watoto chakula cha mwisho ili waende mbali. Tusiwashike miguu wakiwa njiani. Msaada unaodaiwa kwa maneno ya laana na vikao vya kila mwezi umekwisha kuwa amri, na tumeona amri ilivyoifanyia risaga. Sisi nasi tunacho cha kutoa: kulea wajukuu, kutunza shamba, kutoa shauri, kuomba. Anayepokea tu hupoteza heshima yake hata kabla hajapoteza msaada.

Tatu, kanisa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Kiungo hakiulizwi kama kinategemea kingine. Hilo limekwisha kujulikana. Kinaulizwa kama kinafanya kazi yake. Katika mtaa wetu wako wajane ambao mashamba yao hayajalimwa, na wako vijana wenye nguvu wanaokaa kibarazani. Wazee wa kanisa, Umoja wa Mama na vijana wakipatana siku moja katika kila juma la msimu wa kulima, si kwa kuandikiwa faini bali kwa kujuana, tutakuwa tumemkumbuka mtu wa Butiama vizuri kuliko kwa hotuba.

Tumshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake Julius, kwa mema aliyoyatenda na kwa tunayojifunza katika makosa yake. Naye atupe neema ya kutoa bila kujivuna na ya kupokea bila kuona haya. Amina.